Maji ya Mwalo Hayarudi Kisimani

Mimi ni mtu wa majivuno, na anayenifahamu hawezi kushangaa nikianza hivyo. Wapo wanaojivunia watoto waliosoma, wapo wanaojivunia nyumba ya bati na mlango wa chuma. Mimi najivunia mabwawa ya maji machafu. Yapo nyuma ya kilima chetu mpaka leo, yamezungukwa na minyaa iliyonipita urefu, na nikipita pale huwa napunguza mwendo kusudi, ili mtu akinikuta aniulize ni ya nani.

Kijiji chetu kiko upande wa Bariadi, ukishuka kuelekea Mkula, mahali ambapo mbuga inaishia na vilima vya mawe vinaanza. Niliolewa pale nikitokea Lalago, kwenye pamba na ng'ombe, na nikakuta pamba na ng'ombe vilevile, kwa hiyo sikuwa na la kujifunza zaidi ya tabia za watu. Mume wangu alikuwa mtu wa mifugo. Maneno aliyatumia kwa uchache kama anayeogopa yatamwishia, na alipokubaliana nami alinyamaza, na alipokataa alinyamaza pia, ila alitoka nje.

Miaka hiyo ndipo biashara ya kila kitu ilipokuwa imefunguliwa. Tulikuwa tumezoea ghala moja la ushirika na mizani moja, sasa wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, mwaka mmoja wanagombania magunia yetu, mwaka unaofuata hawaonekani kabisa. Maduka ya Bariadi yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, sufuria na vitenge. Halafu ikasikika kwamba hata dhahabu mtu anaweza kuchimba na kuuza bila kujificha. Kumbe kilima chetu kile, ambacho kwa miaka yote kilitufaa kwa kuni na kwa kulishia mbuzi, kilikuwa na mali tumboni. Watu walikuja kutoka kila upande wakiwa na sururu na nailoni za kujengea vibanda. Kufumba na kufumbua tukawa na majirani tusiojua lugha zao.

Nilianza kwa kuwapikia uji. Lakini mimi sikuumbwa kukoroga uji wa watu wazima huku mali inapita mbele ya macho yangu. Nikatazama kazi yao ilivyokwenda. Wanaume walitoa mawe kwenye mashimo yao, ambayo wao huyaita maduara. Mawe yaliletwa kwa wanawake, tukayatwanga kwenye vinu vya chuma mpaka yakawa unga. Unga ule ulipelekwa kuoshwa juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa gunia. Maji yanamwagwa kwa juu, tope linateremka, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye gunia. Kisha inakusanywa kwenye karai na kutiwa zebaki, ambayo hushikana na dhahabu na kuiacha taka. Mahali pa kuoshea huitwa mwalo. Nikaona kwamba mwenye duara anaweza kuchimba mwezi mzima akatoka kapa, lakini mwenye mwalo kila siku ana kazi. Nikatafuta mbao, nikatafuta magunia, nikafungua mwalo wangu.

Niliufungua mtoni, kama kila mtu. Mto wetu ni wa msimu. Masika unanguruma, kiangazi unabaki mchanga mtupu, na maji yapo chini ya mchanga kwa anayejua kuchimba. Na chini kidogo ya pale tulipokuwa tunaoshea, kwenye ukingo, kilikuwepo kisima cha mama mkwe wangu.

Lazima nikieleze kisima hicho, maana ndicho chanzo cha yote. Alikichimba yeye na marehemu mumewe kabla sijazaliwa, na kila kiangazi kilisafishwa na kuwekewa ua mpya wa miiba. Nusu ya kijiji ilikunywa pale, na ng'ombe wa nusu ya kijiji. Taratibu zake zilijulikana hata na mtoto. Asubuhi ni maji ya watu. Wakishamaliza watu wanakuja ndama, na ng'ombe wakubwa mwisho. Ng'ombe hakaribii mdomo wa kisima. Anachotewa maji na kumwagiwa kwenye birika la udongo lililojengwa mbali, upande wa chini, na yakishamwagwa birikani hayarudi, hata yakibaki, hata kama ni kiangazi na koo zimekauka. Hakuna aliyenawa mikono pale, na hakuna aliyeingia na viatu.

Mama mkwe alipoona tunaosha udongo wa kilima juu ya kisima chake hakupiga kelele. Alikuja nyumbani kwangu kunitembelea. Nikamsalimu kwa magoti, tukaulizana habari, nikamletea maji kwenye kata. Akayatazama. Kisha akafungua kibuyu kidogo alichokuwa amekining'iniza begani, akanywa maji yake mwenyewe, ameketi kwenye kigoda changu, chini ya paa langu.

Kwa mtu asiyetoka kwetu hilo linaweza kuonekana dogo. Kwetu adhabu kubwa ambayo baraza la kijiji linaweza kumpa mtu si viboko. Ni kuwaambia wote wasimpe maji wala moto, na wasipokee vyake. Mtu akifanyiwa hivyo anahama mwenyewe. Mama mkwe alinihukumu peke yake, bila baraza. Na la kuudhi zaidi, maji ya mtungi wangu yalitoka kwenye kisima chake kilekile, mimi mwenyewe nilikuwa nimeyachota alfajiri. Alichokikataa ni mkono wangu.

Alipokuwa anaondoka akanigeukia.

"Mama Dhahabu," akasema, na lile ndilo lililokuwa jina langu kwake tangu siku hiyo, "maji ya kisima changu yakibadilika ladha, sitakuja hapa tena. Nitakwenda kwenye baraza."

Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake ana roho ngumu, kwamba hajui dunia imebadilika, kwamba uji wa wajukuu zake unatoka kwenye ubao ule. Akatoka nje. Lakini hasira zangu zina faida moja, hazinipi usingizi wala utulivu mpaka nimefanya jambo. Siku zilizofuata, kila nilipochota maji nilijikuta natazama lile birika la ng'ombe. Nilikuwa nimelitazama miaka yote bila kuliona. Yule mama alikuwa na jibu la mwalo wangu pale, limejengwa kwa udongo, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Kama maji ya ng'ombe hayarudi kisimani, kwa nini maji ya dhahabu yarudi?

Bahati nzuri hicho ndicho kipindi ambacho afisa madini alianza kututembelea kwa pikipiki kutoka mjini. Aliwakusanya wachimbaji chini ya kilima akawaeleza habari za zebaki. Wengi waliondoka kabla hajamaliza, maana waliodhani amekuja kugawa vibali waligundua amekuja kufundisha. Mimi nilibaki, nikamuuliza mpaka akaomba kiti. Kijana yule alikuwa mwalimu mzuri, sina budi kumpa haki yake. Alinieleza kwamba zebaki haionekani ikiwa majini, haina rangi wala harufu ya kukuonya, lakini haisafiri peke yake. Inasafiri na tope. Ukilituliza tope umeituliza zebaki. Akachukua kijiti akachora chini mashimo matatu, moja juu ya jingine. Maji ya mwalo yaingie la kwanza, tope zito litulie humo. Yafurike taratibu kwenda la pili, kisha la tatu, na ya la tatu yachotwe yarudishwe juu kuoshea tena. Zebaki ishikwe kwenye karai tu, juu ya shimo lake pekee, na kuchomwa ndani ya chombo kilichofunikwa, mbali na nyumba na watoto. Mtoni lisiende hata tone.

Nikamwonyesha birika la ng'ombe. Akalizunguka, akacheka kwa furaha, akasema kumbe mlikuwa mnajua.

Kwa hiyo nikauhamisha mwalo kutoka mtoni, nikaupandisha kwenye mteremko kati ya mto na kilima, nikaita wanawake wenzangu waliokuwa wananitwangia. Kwetu kusiriba ni kazi ya wanawake, na nilikuwa na wasiribaji waliotia fora. Sakafu zao zilikuwa hazipasuki, maghala yao hayapitishi hata sisimizi. Tukachimba mashimo, na ilipofika kuyasiriba ili maji yasizame, hatukuhitaji kujadiliana. Kila mwanamke wa kijiji chetu anaujua udongo bora wa kusiriba. Ni ule mweupe unaochimbwa bondeni, unashika kama gundi na ukikauka unagonga kama chungu. Tukaubeba kwa karai na kwa vichwa, tukasiriba kuta na kingo, tukalainisha kwa mawe ya mviringo. Yalikuwa mabwawa ya kupendeza. Watu walikuja kuyaangalia kama nyumba ya harusi.

Mwenye duara mmoja, mtu wa upande wa Kahama aliyejiona ameshika dunia yote kwa mkia, akaja kunicheka. Akasema dhahabu inataka maji mapya, ukiiosha kwa maji yaliyochoka inakukimbia. Nikamwambia mto uko palepale, abebe mawe yake akaoshe. Alikwenda kweli. Ila aliposhuka mtoni akakuta hana wa kumtwangia, maana wanawake wote wa vinu walikuwa kwangu. Alijaribu kutwanga mwenyewe. Kabla jua halijafika kichwani akarudi na mawe yake na viganja vilivyochubuka, akaniamkia kwa heshima.

Kiangazi chote kikapita hivyo, na nilikuwa nimeanza kuringa. Mama mkwe aliendelea kuja na kibuyu chake. Sikumlaumu tena, nilijiambia atachoka kukibeba.

Sasa kuna jambo ambalo hatukulifikiria. Kiangazi kikikolea ng'ombe wa kijiji huwa hawapo. Wanaume huwapeleka mbali, upande wa Meatu, kutafuta majani, na wanarudi mvua za kwanza zikinyesha. Tulichimba, tukasiriba na kusifiana wakati hakuna ng'ombe hata mmoja kijijini. Na ule udongo mweupe wa bondeni, udongo wetu wa sakafu nzuri, una chumvi. Wachungaji wanaujua kwa sababu nyingine kabisa. Ndiko wanakowapeleka ng'ombe kulamba.

Wanawake tunaujua kwa mikono na wanaume wanaujua kwa ndimi za ng'ombe wao, na hakuna siku tulikuwa tumekaa tukaambiana.

Mvua za kwanza ziliponyesha makundi yakarudi. Ilikuwa mchana, wakati wa kunywesha. Mume wangu alikuwa mbele ya kundi letu, akilishusha kuelekea mtoni, na kingo za mabwawa yangu zilikuwa zimelowa na kutoa harufu yao. Aliniambia baadaye kwamba fahali aliyekuwa mbele alisimama, akainua pua, na kundi zima likageuka kama lililoitwa. Ua wa miiba tuliouzungushia mabwawa haukuwa kitu kwao. Waliingia wakaanza kulamba kuta, wanasukumana, wengine wanapanda juu ya kingo kutafuta nafasi. Mtamba wa mama mkwe, mweupe mwenye mabaka, aliteleza akaingia kwenye tope la bwawa la kwanza, na kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozama. Kisha ukuta wa chini ukapasuka.

Nilisikia mwano, ule ukelele wetu wa hatari ambao ukiusikia unaacha hata mtoto wa mgongoni kwa jirani. Nilipofika tope lilikuwa linateremka polepole kuelekea mtoni, kuelekea kisimani. Sikuwahi kuogopa hivyo maishani, na nimezaa mara kadhaa. Nilipaza sauti nikaita magunia. Yalikuwepo magunia ya mchanga uliokwisha kuoshwa, tukayabeba, wanawake, wachungaji, wachimbaji, hata yule mtu wa Kahama, tukayatupa mbele ya tope huku wengine wanachimba mfereji wa kuligeuza. Tulilisimamisha. Lilisimama pale ua wa kisima unapoanzia, na miiba ya nje ilikuwa tayari imelowa. Mtamba hatukumuwahi.

Baraza likaitishwa. Wazee waliketi na fimbo zao, nikaitwa mbele. Wakauliza nani aliyechagua udongo ule. Nikasema ni sisi wasiribaji, na kwamba ulikuwa udongo mzuri, na mpaka leo nasema ulikuwa udongo mzuri. Baadhi walinung'unika kwa jibu hilo. Uamuzi ukatolewa kwamba kisima kifungwe mpaka ijulikane kama maji yameingiwa na sumu, na mwalo usimame. Nilipe fahali wa faini. Na kama itaonekana maji yameharibika, nyumba yetu isipewe maji wala moto.

Ndipo mama mkwe akaomba kusema. Nilijua sasa ananimaliza. Aliinuka taratibu, hakunitazama.

"Ng'ombe amelamba kwa sababu ni ng'ombe," alisema. "Mtamba wangu amekufa, silii. Mimi ninauliza jambo moja. Tope linalofuata litakwenda wapi?"

Kila mtu akanitazama.

"Haliendi popote, mayu," nikamjibu, kwa neno letu la kumwita mama. "Litakaa kwangu."

Akaketi.

Afisa madini alikuja akachota maji ya kisima kwenye chupa, akayapeleka kupimwa mjini, akatuambia tuwe na subira. Subira hiyo sitaki kuirudia. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa matawi, na wanawake walilazimika kwenda kisima cha mbali, na njia ya huko ilipita mlangoni kwangu. Walipita na ndoo kichwani bila kugeuza shingo. Wale wale tuliosiriba pamoja. Iliniuma sana, na nilipoumia niliingia ndani ili wasione. Baraza lilikuwa halijatutenga, lakini watu walikuwa wameanza kufanya mazoezi.

Mwalo ulikuwa umesimamishwa, lakini hakuna aliyenikataza kuchimba. Nikapiga moyo konde. Nikazunguka kilima kutafuta mahali ambapo maji yakimwagika hayawezi kuufikia mto hata yakitaka, nikapapata upande wa nyuma, kwenye kibonde kinachoishia kwenye mwamba. Nikaanza na jembe peke yangu. Siku ya pili mume wangu akatokea na ng'ombe wa kukokota na mkokoteni. Alisimama akaangalia mashimo.

"Udongo gani?" akauliza.

Katika ndoa yetu sidhani kama aliwahi kuniambia neno tamu zaidi. Tukakaa chini tukaulizana, kwa mara ya kwanza, yeye akinieleza ng'ombe wanapenda nini na mimi nikimweleza maji yanashikwa na nini. Tukakubaliana udongo mweusi wa mbugani, uliochanganywa na samadi. Ng'ombe hana haja nao. Ubaya wake ni kwamba ukikauka unapasuka, kwa hiyo bwawa lisiachwe likauke hata siku moja. Tukaelekeza maji ya mvua yanayoteremka kwenye mwamba yaingie bwawani kwanza, ili tusichukue mtoni. Tukapanda minyaa kuzunguka pote, ambayo hakuna mnyama anayeithubutu kwa maziwa yake ya kuunguza macho, na ilipokuwa bado michanga tukaiwekea ua wa magogo. Mwisho yeye akafanya jambo ambalo lilikuwa lake mwenyewe, sikumwambia. Aliubeba ule udongo mweupe wote wa kingo za zamani ambao haukuguswa na tope, na mwingine akauleta kutoka bondeni, akaurundika karibu na birika la ng'ombe. Kuanzia siku hiyo makundi yakishuka mtoni hayapepesi macho kulia wala kushoto. Yanakwenda moja kwa moja kulamba pale, na kunywa pale.

Afisa alirudi na majibu. Aliyasema mbele ya baraza kwa sauti ya kila mtu kusikia: maji ya kisima ni salama, tope halikuingia. Nilitaka kupiga vigelegele lakini nilijizuia, nikainamisha kichwa kama mke mwema. Wazee wakazunguka kilima kukagua mabwawa mapya. Waligonga kingo kwa fimbo, wakaonja udongo kwa ncha ya ulimi, walikuwa wamejifunza. Kisha wakaruhusu mwalo ufunguliwe, na wakaweka amri kwa wote wanaoosha dhahabu kijijini, wenyeji na wageni: maji ya mwalo hayarudi kisimani. Atakayeosha mtoni atatoa fahali.

Mimi wangu nilikuwa nimeshalipa; wa kwanza kutoa kwa amri hiyo mpya alikuwa yule mtu wa Kahama. Alidhani amri za wafugaji ni maneno ya pombeni, akashuka mtoni asubuhi na karai lake, na kabla hajainua mgongo filimbi za sungusungu zikamzunguka. Fahali alichinjwa, nyama ikaliwa na kijiji kizima, na yeye mwenyewe alikula paja zima kwa hamu, akasema kama ndiyo faini basi ni ya kistaarabu. Baadaye alikuwa mteja wangu mwaminifu kuliko wote, na alikuwa mkali kwa wageni wapya kunishinda mimi.

Halafu ukaja ule mwaka ambao mvua zilituonyesha mgongo. Mto ulikauka mpaka mchanga ukapeperuka. Pamba ilinyauka ikiwa na urefu wa kiatu. Kwenye vilima vya jirani mialo yote ilinyamaza, mbao zimeegemezwa mitini, wachimbaji wamelala vibandani wakisubiri mawingu. Kwetu vinu viliendelea kulia. Tulifunika mabwawa kwa mabua ya mtama ili jua lisiyanywe, tukachota la tatu tukarudisha juu, maji yaleyale, siku baada ya siku, na dhahabu haikumkimbia mtu. Kutoka kisimani hatukuchukua hata kata moja. Watu walitembea hata kutoka upande wa Nassa kuja kuangalia, na mimi niliwazungusha mwenyewe, nimevaa kitenge changu cha kanisani, nikiwaeleza kila shimo kana kwamba ni mtoto wangu. Mume wangu aliniambia nimezidi. Nikamwambia bado.

Mchana mmoja wa kiangazi hicho, jua likiwa kali kiasi cha mbuzi kukataa kutoka kivulini, mama mkwe alikuja. Alikuwa ametembea kutoka nyuma ya kilima, vumbi la njia ya mabwawa lilikuwa miguuni mwake. Hakuniambia alikwenda kufanya nini huko, wala sikumuuliza. Nilimsalimu kwa magoti, "Mwadila, mayu," akaitikia, akaketi kwenye kigoda. Nikangoja apeleke mkono begani kutoa kibuyu.

Bega lilikuwa tupu.

Alijipepea kwa ncha ya kanga. Alitazama mtungi wangu pembeni, kisha akanitazama mimi.

"Ng'wanone," akasema. Mwanangu. "Nipe maji."

Nilichota mtungini mpaka kata ikajaa. Nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa bila haraka, akapumua, akanywa tena. Yaliyobaki chini ya kata hakuyarudisha mtungini. Aliyamwaga kwenye mche wa mnyaa nilioupanda karibu na mlango, akafuta mdomo kwa kiganja.

Kisha akanyoosha ile kata, nimjazie tena.